Kabla Hujaiamini Kamera ya Joto Baharini

Kamera za joto zimeshuka bei. Kifaa ambacho zamani kilikuwa cha majeshi sasa anaweza kukinunua mwenye boti la watalii, kikundi cha usimamizi wa fukwe, hata mvuvi mwenye mtaji. Tangazo lake huwa lile lile: usiku wa giza, maji meusi, na kichwa cha mtu kinang'aa cheupe katikati ya kioo. Pembeni pameandikwa umbali: mtu ataonekana kilomita kadhaa, chombo mbali zaidi ya hapo. Ninachotaka kumwambia nahodha wa pwani yetu kabla hajatoa fedha, na hasa kabla hajautegemea umbali huo katika kumsaka mtu aliyeanguka majini, ni kwamba haukukokotolewa kwa ajili ya bahari yake. Kwa kawaida hukokotolewa kwa mtu mzima aliyesimama wima, urefu mita 1.8 na upana nusu mita, katika hewa safi. Mtu aliye majini ni kichwa tu, na hewa ya pwani ya Afrika Mashariki imejaa mvuke.

Jambo hili lina uzito. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo baina ya Unguja na Pemba, na walionusurika walielea gizani wakishikilia magodoro na chochote kilichoelea. Kila anayefanya kazi baharini anajua kuwa siku moja msako wa namna hiyo unaweza kumwangukia yeye. Mtafutaji akisema “hapa hakuna mtu” kwa kuwa kioo chake hakikuonyesha kitu, boti linageuza omo kwenda kwingine. Ikiwa mtu alikuwapo mita mia nane mbele, amenyimwa nafasi yake.

Basi tuanze na kinachosafiri kutoka kwenye kichwa hicho hadi kwenye lenzi. Kila kitu chenye joto hutoa miale ya infraredi, nayo huzidi kadiri kitu kinavyozidi moto. William Herschel aliigundua Uingereza mwaka 1800, alipoweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu ya mwanga wa jua uliotawanywa na prizimu, akaona kinapanda mahali ambapo jicho halioni chochote. Mwili wa binadamu hutoa miale yake mingi kwenye urefu wa wimbi wa karibu mikromita 9.3. Bahari yenye nyuzi 28 nayo hutoa yake kwenye mikromita 9.6 hivi. Tayari unaona tatizo la kwanza: kitu tunachokitafuta na maji yanayokizunguka vinang'aa karibu kwa namna moja.

Nitrojeni na oksijeni, ambazo ndizo karibu hewa yote tunayovuta, huiacha miale hii ipite. Mvuke wa maji ndio unaoimeza. Kati ya mikromita 5 na 8 huimeza karibu yote, kiasi kwamba hakuna anayetengeneza kamera ya kutazama mbali kwa mawimbi hayo. Zinabaki njia mbili, moja kati ya mikromita 3 na 5, nyingine kati ya 8 na 14. Kamera ndogo za mkononi na zile za kufunga juu ya paa la boti karibu zote hutumia hiyo ya pili. Wataalamu huziita njia hizi madirisha ya hewa. Katika hewa kavu ya baridi dirisha la pili huwa wazi kweli. Katika hewa ya kwetu limefunguka nusu.

John Tyndall alilipima jambo hili London kuanzia mwaka 1859, katika maabara ya Royal Institution. Alipitisha joto ndani ya mrija wa shaba uliojazwa gesi mbalimbali, akakuta kwamba mvuke wa maji, ingawa ni sehemu ndogo tu ya hewa, ndio unaozuia joto hilo kuliko gesi nyingine zote za kawaida za hewani. Miisho ya mrija wake aliifunga kwa vipande vya chumvi ya mawe badala ya kioo, kwa sababu kioo chenyewe huzuia miale hiyo. Mwenye kamera alikumbuke hilo. Ukiielekeza kamera ya joto kupitia dirisha la chumba cha nahodha utaona joto la dirisha, na pengine kivuli chako mwenyewe, wala hutaiona bahari. Kamera lazima itoke nje, au ifungwe nje.

Sasa nije kwenye kipimo ambacho watu wengi hukisoma vibaya. Taarifa za hali ya hewa hutaja unyevu kwa asilimia, na msomaji hudhani asilimia 90 ni mbaya kuliko 80 popote pale. Kwa kamera ya joto asilimia hiyo haitoshi, kwa kuwa hewa ya moto hubeba mvuke mwingi zaidi kuliko hewa ya baridi. Hewa ya nyuzi 10 yenye unyevu wa asilimia 90, kama ya pwani ya Ulaya Kaskazini wakati wa masika yao, hubeba gramu 8.5 hivi za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Hewa ya nyuzi 29 yenye asilimia 80, ambayo ni usiku wa kawaida wa Machi Dar es Salaam au Mombasa, hubeba gramu 23. Kinachomeza miale ni gramu hizo. Tena katika dirisha hili la pili sehemu kubwa ya umezaji haiongezeki sambamba na gramu, bali kwa mraba wake: mvuke ukiongezeka mara mbili, umezaji huo huongezeka mara nne. Kutoka gramu 8.5 hadi 23 ni zaidi ya mara saba. Kamera iliyomridhisha mtu Norway inaweza kumwangusha Pemba bila ya kuwa na kasoro yoyote.

Namba ya kuangalia ni kiwango cha umande, yaani nyuzijoto ambazo hewa ikipoa kuzifikia huanza kutoa umande. Programu nyingi za hali ya hewa kwenye simu huionyesha. Mara nyingi huandikwa karibu na unyevu wa asilimia, na watu huipita. Namba hiyo inakwambia moja kwa moja mvuke uliomo hewani. Umande wa nyuzi 18 maana yake ni gramu 15 na kidogo. Umande wa nyuzi 25 ni gramu 23. Huo ndio upana wa mwaka wetu. Kusi likivuma mwezi Julai na Agosti, usiku wa pwani kiwango cha umande huweza kushuka hadi nyuzi 18 au 19. Mwishoni mwa kaskazi na kuingia masika, Februari hadi Aprili, hukaa kwenye 24 na 25. Kwa hesabu ya mraba, ule umezaji wa Machi ni zaidi ya mara mbili ya ule wa Agosti, kwa kamera ile ile, kwenye mkondo ule ule. Mimi ningemshauri nahodha aandike kiwango cha umande kwenye kitabu cha safari pamoja na upepo na maji. Chini ya nyuzi 20 kamera itakupa karibu kila ilicho nacho. Ikipita 24, punguza umbali unaouamini kabla hujaondoka gatini.

Mvuke hufanya jambo jingine ambalo matangazo hayalitaji kabisa. Unameza miale ya kichwa, kisha wenyewe, kwa kuwa una joto, unatoa miale yake. Ni sawa na kutazama kibatari kilicho nyuma ya vyandarua vilivyopangwa safu, na taa inavimulika vyandarua kutoka upande wako: kila kimoja kinapunguza mwanga wa kibatari na papo hapo kinaongeza weupe wake. Ndiyo maana picha ya kamera ya joto usiku wa Machi haiwi nyeusi kwa mbali. Huwa ya kijivu, bapa, mstari wa upeo umeyeyuka, na bahari na anga vimekuwa kitu kimoja. Ukiona hivyo usikimbilie kusema kamera imeharibika, wala usizungushe mipangilio ya kung'arisha picha ukitumaini itafunguka. Picha inakwambia ukweli kuhusu hewa iliyo mbele yako: zaidi ya hapo huoni.

Tuifanye hesabu yenyewe, maana hapa ndipo uamuzi wa kununua na wa kusaka unapotakiwa kusimama. Chukua bahari ya nyuzi 29 na uso wa mtu uliolowa, wenye nyuzi 32. Tofauti ni nyuzi 3. Chukua kamera ya kawaida ambayo pikseli yake moja, kwa umbali wa kilomita moja, inafunika eneo lenye upande wa sentimita 70 hivi. Kichwa kilichotokeza juu ya maji ni sentimita 20 kwa 25. Kwa kilomita moja kichwa hicho kinajaza kama sehemu moja ya kumi ya pikseli; sehemu nyingine zote ni maji. Zile nyuzi 3 zimeshakuwa kama nyuzi 0.3 kabla mvuke haujagusa kitu. Sasa tuseme usiku huo kila kilomita ya hewa inapitisha theluthi mbili za miale. Inabaki takribani nyuzi 0.2. Kamera nzuri huweza kutofautisha nyuzi 0.05, kwa hiyo kwa hesabu kichwa bado kipo, lakini kipo katikati ya mawimbi ambayo nayo yana mabaka ya joto na baridi ya ukubwa kama huo. Jicho la baharia aliyechoka saa nane ya usiku halitakichagua.

Sogea hadi kilomita mbili. Pikseli sasa inafunika eneo mara nne zaidi, na hewa imepitisha theluthi mbili ya theluthi mbili, yaani nne kwa tisa. Inabaki chini ya nyuzi 0.04. Kichwa hakipo kwenye kioo, na hakuna mpangilio wa kamera utakaokirudisha. Lakini rudi nyuma hadi mita 500, na hesabu hiyo hiyo inakupa tofauti ya takribani nyuzi moja nzima, na kichwa kinaonekana wazi. Kwa mita 300 ni wazi zaidi, na mvuke kwa umbali huo umechukua sehemu ndogo sana.

Angalia hesabu hiyo inasema nini, kwa sababu wengi hulaumu unyevu peke yake. Ndani ya nusu kilomita, mvuke si adui mkubwa. Kinachoumiza ni udogo wa kichwa na joto la bahari yenyewe. Katika maji ya nyuzi 8 mtu yule yule angetofautiana na maji kwa nyuzi 15 au zaidi, na angeonekana hata kama pikseli imejaa sehemu moja ya kumi tu. Kuanzia kilomita moja mvuke unaanza kumaliza kilichobaki. Kwa hiyo usilipe fedha nyingi kutafuta kamera ya “masafa marefu” yenye pikseli chache; lipia lenzi yenye jicho jembamba zaidi na pikseli nyingi, kisha panga msako wako kwa njia zilizo karibu karibu. Kwa kamera kama hiyo niliyoitaja, usiku wa kaskazi, ningeacha mita 600 hadi 800 baina ya njia moja na nyingine, yaani mita 300 hadi 400 za kuaminika kila ubavu, wala nisingekubali kusikia habari ya kilomita mbili.

Kuna watakaouliza juu ya kamera za dirisha la kwanza, la mikromita 3 hadi 5. Ni kweli kwamba katika hewa ya joto yenye mvuke mwingi hizo ndizo huona mbali zaidi, na ndiyo sababu moja ya kuzikuta kwenye meli za kivita na ndege za doria za nchi zenye bahari za tropiki. Kigunduzi chake lakini mara nyingi hupozwa hadi karibu nyuzi 196 chini ya sifuri kwa mashine maalumu, na bei yake haimhusu mwenye boti la faiba. Jihadhari pia na muuzaji anayekuonyesha kamera ya ulinzi ya nyumbani yenye vitaa vyekundu pembezoni, akaiita ya infraredi. Ni ya infraredi kweli, ila ya mawimbi mafupi sana, chini ya mikromita moja: inamulika kwa taa yake na kupokea mwanga unaorudi. Haioni joto la mtu. Baharini taa hiyo humulika matone ya hewani yaliyo karibu, na unabaki kutazama pazia jeupe.

Matone ni habari tofauti na mvuke, na hapa unyevu wa asilimia unapata maana yake. Mvuke ni gesi. Haionekani kwa macho. Matone ni maji. Upepo wa kusi ukipiga mawimbi hurusha chembe za chumvi hewani, na chembe hizo, unyevu ukipita asilimia 75 hivi, hunyonya maji na kuvimba. Zikiwa bado ndogo, zile zinazofanya upeo wa mchana uwe na utusitusi mweupe, kamera ya joto huzipenya vizuri kuliko jicho, maana wimbi la mikromita 10 ni kubwa kuliko chembe zenyewe. Moshi wa mashamba yanayochomwa nao huupenya. Lakini matone yakikua hadi kulingana na wimbi au kulipita, faida hiyo inakwisha. Ukungu mzito huifumba kamera karibu sawa na jicho, na mvua kubwa huifumba kabisa. Kamera inakusaidia katika giza na utusitusi. Katika manyunyu ya vuli au dhoruba ya masika, tegemea taa, filimbi na masikio, na uzime mashine mara kwa mara ili usikilize.

Rada nayo isikudanganye. Mvuke unaopungua haraka kutoka usoni pa maji kwenda juu hupinda mawimbi ya redio yafuate mviringo wa bahari, hata siku nyingine rada ikaona chombo kilicho ng'ambo ya upeo. Miale ya infraredi haipindwi na mvuke kwa kiasi hicho. Siku ambayo rada inaona mbali ajabu inaweza kuwa ndiyo siku ambayo kamera inaona karibu mno.

Mahali unapoifunga kamera ni jambo ambalo wengi hulifanya kwa haraka, wakaifunga pale palipo na tundu la skrubu. Ipandishe. Kutoka mita 2 juu ya maji upeo uko kilomita 5. Kutoka mita 4 uko kilomita 7. Hata hivyo upeo si hoja kubwa, kwa kuwa kichwa cha mtu hutakiona hata karibu ya huko. Hoja ni pembe. Ukiyatazama maji kutoka juu, hutoa miale yake mwenyewe karibu yote, na picha ni joto la bahari. Ukiyatazama kwa pembe ya chini sana huanza kuwa kioo, yanarudisha miale ya anga na ya mawingu, na hapo ndipo mabaka yanapozaliwa: wingu la joto lililo chini angani hutandaza doa jeupe juu ya maji, na baharia hugeuza boti kulifuata. Pembe ya chini pia huficha kichwa nyuma ya wimbi. Hata mawimbi ya mita moja humfunika mtu kwa sehemu kubwa ya muda, kwa hiyo usiizungushe kamera haraka. Iache itulie mahali pamoja mawimbi kadhaa yapite, kisha isogeze kidogo. Kazi hii inataka mtu mmoja asiyekuwa na shughuli nyingine, na abadilishwe kabla macho hayajachoka.

Msako ukianza jioni, kumbuka kwamba kila kitu kilichoelea mchana kutwa bado kina joto la jua. Nazi iliyoanguka majini ina ukubwa wa kichwa, na saa moja ya usiku inaweza kung'aa kuliko kichwa. Baada ya saa chache imelingana na bahari na kutoweka. Mbao, madumu na maboya ya nyavu nayo ni hivyo hivyo. Asubuhi na jioni kuna kipindi ambacho mbao za mashua na maji vinapishana kwa joto, kimoja kikipanda na kingine kikishuka, na kwa muda mashua nzima huweza kufifia kwenye kioo huku mkono wako ukikaribia kuigusa. Usiku wa manane, anga ikiwa safi, paa la boti na tanga hupoa chini ya joto la bahari kwa kutoa miale yake kwenda juu. Hapo chombo ni doa jeusi. Mfundishe mtazamaji kutafuta weusi pia; kama amezoea kutafuta weupe peke yake, jahazi zima litampita likiwa limezima mashine. Mashine ikiwaka ni rahisi zaidi, maana bomba la moshi na kichwa cha mashine vina joto linaloonekana mbali kuliko mtu yeyote.

Kitu kimoja kamera haiwezi kabisa ni kuona ndani ya maji. Miale hii humezwa na maji ndani ya sehemu ndogo ya milimita moja. Mkono ulio sentimita moja chini ya uso wa bahari haupo. Ikiwa kuna mtu anayeshukiwa kuzama, waachie wazamiaji, na usiwape jamaa zake matumaini kwamba kifaa kitaona kilindini.

Utunzaji wake katika hewa yetu una adui wawili. Wa kwanza ni kiyoyozi. Kamera iliyolala kwenye ofisi yenye nyuzi 20 ikitolewa nje kwenye hewa ya umande wa nyuzi 25, umande huifunika lenzi palepale, na utando mwembamba wa maji unatosha kuifumba. Iweke ndani ya mfuko uliofungwa vizuri na uiache nje ipate joto kabla hujaufungua, au bora zaidi iweke siku zote mahali pasipo na kiyoyozi. Wa pili ni chumvi. Rasharasha zikikauka kwenye lenzi huacha ganda, na ganda hilo huvuta unyevu usiku. Mwagia lenzi maji baridi ya kunywa kwanza, chumvi iyeyuke, ndipo ufute kwa kitambaa laini. Ukifuta ikiwa kavu, chembe za chumvi zinakwaruza utando wa lenzi, na lenzi hizi, ambazo aghalabu ni za jemani (germanium), hugharimu sehemu kubwa ya bei ya kifaa.

Kwa wavuvi wanaotumia ramani za joto la bahari kwenye simu kutafuta jodari, kanuni ni hizo hizo ingawa kamera iko mamia ya kilomita juu. Setilaiti huusoma uso wa bahari kupitia mvuke wote uliopo kati yake na maji. Tangu setilaiti ya NOAA-7 iliyorushwa mwaka 1981, njia inayotumika sana ni kupima kwa mikromita 11 na 12 kwa pamoja: mvuke humeza zaidi kwenye 12, na tofauti ya vipimo viwili huonyesha mvuke ni kiasi gani, kisha joto hurekebishwa. Marekebisho hayo hupata kazi ngumu zaidi katika hewa ya tropiki. Wingu halirekebishiki. Ukiona kwenye ramani doa la baridi kali lenye kingo zilizochongoka, ambalo jana halikuwapo, yamkini ni wingu ambalo kompyuta ilishindwa kulitambua. Linganisha siku tatu au nne kabla ya kuchoma mafuta kulifuata.

Turudi kwenye kamera ya boti: kabla ya kuitegemea, ijaribu kwenye maji yako. Chagua usiku wa Machi wenye utulivu, kiwango cha umande kikiwa 24 au zaidi, kwa sababu ukiijaribu Agosti itakusifu usivyostahili. Mtu mmoja anayejua kuogelea, amevaa jaketi la kuokolea, akae majini karibu na boti la pili lenye taa, na boti hilo lisimwache hata kidogo. Wewe rudi nyuma mita mia mia kwa kutumia GPS. Kila kituo mtazamaji asiyejua mtu huyo yuko upande gani wa boti hilo apewe dakika mbili amtafute. Andika umbali aliomwona bila kusita, na umbali alioanza kubahatisha. Kisha gawanya ule wa kwanza kwa mbili, kwa sababu siku ya msako kutakuwa na mawimbi, hofu na uchovu. Namba utakayoipata iandike kwa rangi kwenye usukani, badala ya ile ya kwenye tangazo. Rudia jaribio wakati wa kusi ili uwe na namba mbili.

Wafundishe na abiria, maana kamera hufanya nusu ya kazi tu. Waliomo majini washikamane: vichwa vitano pamoja hujaza pikseli ambayo kichwa kimoja hakijazi. Wanaoweza kupanda juu ya kitu kinachoelea, godoro, boksi la samaki, mbavu ya chombo kilichopinduka, wapande watokeze kifua na mikono, maana kifua nje ya maji ni eneo mara kadhaa la kichwa. Wakisikia mashine wageuze nyuso upande inakotoka, wasijifunike uso kwa karatasi ya rangi ya fedha wala turubai, kwa kuwa vyote viwili huficha joto la mwili. Filimbi ya jaketi ipulizwe kila mashine inapozimwa, na tochi, kama ipo, ielekezwe kwenye boti na kuwashwa kwa vipindi, ili betri ifike asubuhi.